Wageni wa Mlango wa Mto

Somo letu la safari hii halikutoka katika kitabu, lilitoka katika ndoo. Mmoja katika vijana wa darasa alikuja baada ya alasiri na ndoo ya samaki wadogo aliowanunua kwa bei rahisi ufukweni mwa hori la Tudor, akatuambia, "Shekhe, hivi ni vidagaa tu, havina jina wala hesabu." Tukamwambia atandike jamvi, avimwage, tuvitazame. Tukakaa hata jua likakaribia kuchwa, tukivichambua kimoja kimoja kama mtu achambuaye mchele. Tulipomaliza, vile vidagaa visivyo na jina vilikuwa mafungu kumi na mawili juu ya jamvi. Dagaa wenyewe walikuwa fungu moja, na simu fungu la pili. Waliobaki walikuwa chaa, tafi, changu, tembo mwenye doa jeusi ubavuni, mkizi, chuchunge, hongwe, kolekole wa urefu wa kidole, mzia mwembamba kama sindano ya kushonea makuti, na bunju mmoja ambaye tulimtupa mbali na paka, kwa sababu ya sumu yake.

Kijana akamshika yule changu, akampima kwa kidole gumba chake, akanyamaza. Changu wa namna ile mamake humnunua sokoni kwa kilo, akamkata vipande, akamtia kitoweo cha watu sita.

Basi swali tulilotaka kulijibu siku ile, na ambalo twapenda kulileta mbele ya wasomaji wetu, ni hili: Imekuwaje mahali padogo kama hori, penye tope, penye maji yasiyokuwa matamu wala yasiyokuwa ya chumvi kamili, pakakusanya aina nyingi hivi za samaki?

Kwanza tujue mahali penyewe. Mlango wa mto ni pale maji ya mto yakutanapo na maji ya bahari, yakachanganyika. Katika pwani yetu milango hii ni mingi. Tana hutokea bahari penye Kipini, baada ya maji yake kuelekezwa katika Mto Ozi kwa mfereji wa Belezoni, uliochimbwa zama za dola ya Witu katika karne ya 19. Sabaki hutokea kaskazini ya Malindi. Ramisi na Umba ziko upande wa kusini. Ama mahori ya Mombasa, hayo ni mikono ya bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu na kupokea mito midogo mwishoni mwake: Kombeni na Tsalu huingia hori la Tudor, na Mwache huingia upande wa Port Reitz. Lipo pia hori la Mida, karibu na Watamu, ambalo halina mto wowote uonekanao kwa macho, na maji yake matamu huchirizika kutoka chini ya ardhi. Kwa hiyo yasidhaniwe mambo haya kuwa ya namna moja kila mahali. Hata katika hori moja, maji ya asubuhi si maji ya jioni. Wakati wa bamvua maji hupanda Mombasa zaidi ya mita 3, yakaingia mpaka mashinani mwa mikoko, kisha baada ya saa sita yakawa yametoka, na tope limebaki wazi.

Wasomaji wetu hawakosi kuikumbuka Suratul Furqan na kutajwa kwa bahari mbili, moja tamu na moja chungu, na kizuizi baina yao. Sisi hatupendi mtindo wa baadhi ya watu wa kuigeuza kila aya kuwa kitabu cha elimu ya samaki, wala hatutafanya hivyo hapa. Lakini mtu aliyesimama Mambrui wakati wa masika, akauona mstari wa maji mekundu ya Sabaki ukisimama na maji ya buluu, anajua kwamba akili yake imeitwa ifikiri.

Na jambo la kufikiri ni kwamba kizuizi hiki, kwa samaki, ni kigumu kuliko ukuta. Lita moja ya maji ya bahari kuu ina chumvi ya kiasi cha gramu 35. Damu ya samaki wetu wa kawaida ina kiasi cha theluthi tu ya chumvi hiyo. Basi samaki wa bahari huishi akinyonywa maji mwilini mwake na ile chumvi iliyomzunguka. Imemlazimu anywe maji ya bahari mchana na usiku, na chumvi iliyozidi aitoe kwa mashavu yake, naye hukojoa kidogo tu. Samaki wa mto hali yake ni kinyume. Chumvi iko ndani yake zaidi ya nje, kwa hiyo maji humwingia bila kualikwa, naye hukojoa sana ili asivimbe, na chumvi kidogo iliyomo mtoni huiokota kwa mashavu yale yale. Mtu akimtia samaki wa mwambani katika ndoo ya maji ya kisima, hufa. Na samaki wengi wa mtoni wakitiwa baharini hufa vile vile. Atakaye kuishi katika mlango wa mto lazima aweze kuzibadili kazi zote mbili, pengine mara mbili katika siku moja, maji yanapojaa na yanapokupwa.

Akisema msemaji: Ikiwa mahali hapa ni pagumu kiasi hicho, wakaao hapo wangalikuwa wachache. Tutamjibu: Umesema kweli, na wenyeji wake ni wachache kweli. Ukihesabu samaki wanaozaliwa katika mlango wa mto, wakakua humo, wakazaa humo na wakafa humo, utapata vile visamaki vya topeni vyenye macho ya juu virukavyo kama vyura maji yakipwa, na jamaa zao wengine wadogo wadogo, na si wengi baada ya hao. Kutoka upande wa mto hushuka perege na kambale, hasa mvua zikiwa kubwa na maji yakawa matamu kupita kiasi, nao hurudi juu chumvi ikirejea. Wote waliobaki, na hao ndio wengi kabisa katika pwani hizi za Bahari ya Hindi, ni wageni kutoka baharini. Mamake mkizi hutaga nje, katika bahari ya wazi, na mwatiko vile vile. Changu na tembo hutaga kando ya mwamba. Mayai huchukuliwa na maji, yakaanguliwa, na mtoto aliye mwembamba kama uzi akaingia kwa mlango wa hori pamoja na maji yajaayo. Hukaa humo miezi kadhaa, na wengine zaidi ya mwaka. Akipata nguvu hutoka, akarudi kwa wazee wake.

Hapa ndipo penye siri ya ndoo yetu. Wingi wa aina za samaki katika hori hautokani na hori peke yake. Ni wingi wa bahari iliyo mlangoni pake. Hori ni kama nyumba ya kupangisha katika mji wa bandari: ukitaka kujua wakaao humo ni watu wa namna gani, huna budi kuuliza vyombo vilivyotia nanga vimetoka wapi.

Yuko mmoja katika wasafiri hawa ambaye mwendo wake ni kinyume cha wote, nasi tunamtaja kwa sababu ni ajabu. Mkunga wa maji matamu, apatikanaye juu katika Tana na Sabaki, huzaliwa baharini mbali sana na pwani. Mtoto wake huelea mpaka mlango wa mto, akapanda, akaishi bara miaka mingi. Akikomaa hushuka tena, akatoka baharini kuzaa mara moja, kisha hufa. Na yuko papa wa aina moja apandaye mito mikubwa masafa marefu hata Waingereza wa kusini wakampa jina la Mto Zambezi. Kwa hawa wawili mlango wa mto ni njia tu, na njia ikizibwa hawana nyingine.

Sasa, wageni hawa wafuata nini? Wafuata chakula, na wafuata maficho.

Ama chakula, jani la mkoko likianguka ni gumu na chungu, na samaki wachache mno waweza kulila hivyo lilivyo. Kaa hulivuta shimoni mwake na kulikatakata, vijidudu visivyoonekana kwa jicho vikalilainisha, na kamba wadogo na funza wa topeni wakala vile vijidudu. Chaa naye huja na mdomo wake unaochomoka kama mrija, akawafukua mchangani. Mkizi hutumia njia fupi zaidi: humeza utando wa juu ya tope pamoja na tope lenyewe, na tumbo lake lina nyama nene kama firigisi ya kuku, likasaga. Mzia mdogo hangojei jani wala tope. Huwangojea hao wengine.

Ama maficho, watu wengi hudhani kwamba maji ya tope ni maji mabaya. Kwa mtoto wa samaki ni pazia. Adui awindaye kwa macho hamwoni. Mashina ya mikoko nayo ni kama kimia ambacho samaki mkubwa hawezi kukipenya, na vilindi ni haba, kwa hiyo wakubwa hawapendi kukaa. Bwana Stephen Blaber, aliyeichungua milango ya mito ya nchi za joto miaka mingi, kwanza huko Natal na kisha Australia, na akatoa kitabu juu yake mwaka 1997, aliyatilia nguvu sana maneno haya ya maji yaliyofifia, wakati ambapo wengine walikuwa wakiitazama mikoko tu. Wavuvi wetu wa uzio na wa malema hawakuhitaji kitabu kwa hili. Wao hujua kwamba maji meupe hayana samaki wadogo, na hujua mkondo upi samaki hupita wakitoka mikokoni maji yakipwa.

Kuhusu hesabu, wataalamu waliotega nyavu Gazi, kusini ya Mombasa, katika miaka ya 1990, walipata aina zaidi ya mia moja katika ghuba ile ndogo ambayo mtu aweza kuizunguka kwa mtumbwi. Sababu yake yaonekana kwa macho ukisimama pale: mikoko iko nyuma, mbele yake yako majani ya baharini, na mbele ya majani uko mwamba wa matumbawe, na vyote vitatu vimekaribiana. Samaki mmoja hulala penye kimoja akala penye kingine. Katika mlango wa Mto Embley, kaskazini ya Australia, uchunguzi uliotangazwa 1989 ulitaja aina karibu 200. Pwani za magharibi ya Afrika na za Amerika hazifikii kiasi hiki kwa urahisi, na sababu si uvivu wa mito yao. Bahari ya Hindi pamoja na magharibi ya Pasifiki ndiyo yenye aina nyingi za samaki kupita bahari zote, na mlango hauwezi kupokea mgeni asiyekuwako nje.

Lakini msomaji asidanganyike na neno mia. Katika kila mlango uliochunguzwa, aina chache ndizo zijazazo wavu: chaa, jamii ya dagaa, na wengine wawili watatu. Aina nyingi nyingine huonekana mmoja leo, na mwenzake baada ya mwezi. Huja usiku wasije mchana, au huja kaskazi wasije kusi. Mtu atakayetazama siku moja akasema "hapa pana aina kumi na mbili" atakuwa amehesabu waliokuwa barazani, na hakuuliza waliotoka.

Tumesema mlango, mlango. Tuutolee mfano neno hili, kwa sababu ndipo penye khofu yetu. Kusini katika bahari hii hii, katika jimbo la KwaZulu-Natal la Afrika ya Kusini, liko ziwa kubwa la St Lucia, ambalo kwa kweli ni mlango wa mto uliotanuka. Aina za samaki waliopata kuandikwa humo zapita mia. Ziwa hilo na Mto Umfolozi zilikuwa zikitoka baharini kwa mlango mmoja. Mwaka 1952 watu waliutenga mto na ziwa, wakiogopa kwamba udongo wa mto, ambao mabonde yake yalikuwa yamelimwa miwa, utalijaza ziwa. Nia yao haikuwa mbaya. Lakini mto ule ndio uliokuwa ukilipa ziwa maji matamu na ukisaidia kusukuma mchanga wa mlangoni. Ukame ulipoingia, mlango ukazibwa na mchanga mwaka 2002. Jua likayakausha maji mpaka mwaka 2006 sehemu kubwa ya ziwa ikawa ardhi tupu, na yaliyobaki mahali pengine yakawa na chumvi mara kadhaa zaidi ya bahari. Samaki wa baharini walio nje hawakuweza kuingia, na walio ndani hawakuweza kutoka. Aliyestahimili kupita wote ni perege, samaki wa mto! Mwaka 2007 mawimbi ya tufani yaliuvunja mchanga kwa muda wa miezi michache, kisha ukafungika tena. Kuanzia 2012 mto ukarudishwa kuelekea ziwani, na Januari 2021 mlango ukafunguliwa kwa mitambo.

Sisi watu wa Mombasa tulikuwa na jambo la namna hii mlangoni mwetu, na tulilipita kila siku tukienda bara tusilione. Hori la Makupa liliunganisha maji ya upande wa Tudor na maji ya upande wa Kilindini. Barabara ilipojengwa juu ya tuta, maji yakakatwa, na hori likawa vipande viwili visivyosalimiana. Kando yake, Kibarani, taka za mji zikamwagwa kwa miaka mingi. Mwaka 2022 daraja lilifunguliwa mahali pa tuta, na maji yakapata njia chini yake. Mzee mmoja aliyezaliwa karibu na hapo alitwambia kwamba siku alipoona maji yakipita chini ya gari alisimama kando ya njia, na makondakta wakampigia kelele.

Mikoko nayo ina habari yake. Waliolinganisha picha za angani za mwaka 1992 na za 2009 waliona kwamba sehemu kubwa mno ya mikoko ya Tudor imetoweka, na ya Mwache imepungua sana. Tudor ilikatwa, na uchafu wa mji ukamiminika humo. Mwache iliuawa na tope: mvua za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi kutoka milimani ukazifukia zile pumzi za mikoko zisimamazo juu ya ardhi kama vidole, na miti ikafa kwa kukosa hewa. Hapa twaona kwamba tope tulilolisifu kuwa ni pazia lina kipimo chake. Kule Malindi wataalamu walikata matumbawe makongwe, wakayasoma matabaka yake kama mtu asomaye daftari la duka, wakakuta kwamba udongo uletwao na Sabaki ulizidi sana katika karne ya 20. Udongo huo ni wa mashamba ya bara, na samaki anayeulipia hakuwahi kuyaona.

Limebaki jambo la nyavu, nalo ndilo lililotukalisha jamvini. Juya la kukokota lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na bado lakokotwa. Wako pia washonao vyandarua vya mbu wakavigeuza nyavu. Wavu wa namna hiyo hauchagui. Huzoa dagaa, ambao wako tayari kuliwa, na huzoa pamoja nao changu, tafi na kolekole ambao wangalitoka baada ya miezi wakawa samaki. Mvuvi wa mwamba akirudi na dema tupu humlaumu mwenzake wa mwambani, wala hajui kwamba samaki wake waliuzwa kwa ndoo huku hori, mwaka uliopita. Hata hivyo hatutaki maneno yetu yawe ya kumtupia lawama mvutaji wa juya peke yake. Wengi wao si wenye wavu, ni vibarua walipwao fungu la samaki, na watoto wao wala jioni kwa kile walichovuta asubuhi. Mwenye wavu yuko. Mnunuzi naye yuko, na siku ile mnunuzi alikuwa mmoja wetu.

Wale samaki wa jamvini walikuwa wamekwisha kufa, kwa hiyo hawakutupwa, isipokuwa bunju. Walikaangwa, wakaliwa na mkate wa sinia, na twakiri kwamba walikuwa watamu. Lakini kijana tulimpa kazi. Kila bamvua huteremka Tudor kwa wavuvi wa uzio, hutazama walichopata, na huandika jina la kila samaki kama wanavyomwita wenyewe, na siku, na upepo, na kama mvua imenyesha. Daftari lake limefika majina thelathini na moja. Mawili katika hayo wazee wanayabishania, kila mmoja akisema ni samaki mmoja kwa majina mawili, na mwingine akisema la, ni samaki wawili, na kijana ameambiwa awalete wote wawili darasani.